Golikipa wa San Antonio

Saa kumi na nusu alfajiri Dar es Salaam bado ni giza. San Antonio, kule Texas, ni saa moja na nusu ya jioni ya jana. Huo ndio wakati ambao mpenzi wa kikapu wa huku kwetu huamka, akapunguza sauti ya simu asije akawaamsha wenye nyumba, akaanza kutazama. Mimi nimekuwa nikiamka saa hiyo kwa ajili ya jambo moja, nalo ni gumu kumweleza mtu aliyelala, kwa sababu asubuhi akiangalia matokeo hatalikuta.

Hutokea hivi. Mchezaji mwepesi, mwenye mbio, amemwacha mlinzi wake kwenye mstari wa pointi tatu. Njia ni nyeupe. Anadunda mara moja, mara ya pili, anaukusanya mpira, anaanza zile hatua mbili ambazo hata mtoto wa shule ya msingi anajua mwisho wake ni kikapu. Halafu anainua macho. Hajaguswa, hajasukumwa, filimbi haijalia. Lakini kuna kitu amekiona. Anauvuta mpira kifuani na kuutupa nje kwa mwenzake, kama kijana aliyefungua mlango wa sebule kwa kishindo akakuta wazee wamekaa kikao.

Mwandishi wa takwimu haandiki chochote. Karatasi yake ina safu ya pointi, ya ribaundi, ya pasi za mwisho, ya mipira iliyoibwa, ya bloku, yaani mitupo iliyozuiwa. Haina safu ya mtu aliyeghairi. Na aliyesababisha ughairi huo, Victor Wembanyama wa timu ya San Antonio, amekwisha geuka kumtafuta mtu wake, mikono ikiwa imelegea ubavuni.

Habari za urefu wake zimeandikwa mpaka zimechosha, kwa hiyo nitazipitia haraka. Ana mita 2.24. Akinyoosha mikono pande mbili, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni takriban mita 2.4. Kikapu kiko mita 3.05 toka sakafuni na hakijawahi kupandishwa kwa heshima ya mtu. Mtaani kwetu angeitwa Mlingoti siku ya kwanza na jina lake halisi likasahauliwa siku ya pili. Wengine wangemwita Ngongoti, na hilo jina la pili lingemfaa zaidi. Wale wacheza ngongoti wa kusini, wanaopanda juu ya miti mirefu na kucheza ngoma, watu huwakodolea macho usoni, kule juu waliko. Mwenye kuijua ile ngoma hutazama magoti na nyonga. Huko ndiko kazi iliko, na asipoiweza huko chini, kule juu hakuna cha kutazama isipokuwa mtu anayeanguka.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 2004 huko Le Chesnay, jirani na Versailles, nje kidogo ya Paris. Baba yake, Félix, asili yake ni Kongo, na alikuwa mwanariadha wa kuruka. Mama yake, Élodie de Fautereau, alicheza kikapu kisha akawa kocha wa watoto. Dada yake anacheza, mdogo wake anacheza. Kuna nyumba ambazo mtoto hufundishwa kuhesabu kabla ya kusoma. Katika nyumba ile nadhani walianza na namna ya kusimama. Lakini kipande cha maisha yake ninachokipenda kuliko vyote ni kifupi, na wengi hukiruka: kabla ya kikapu alicheza judo, na alicheza mpira wa miguu akiwa golikipa.

Golikipa! Niliposoma hilo, mambo mengi niliyokuwa nikiyaona alfajiri bila kuyaelewa yalikaa mahali pake.

Tazama kipa mzuri anapobaki peke yake na mshambuliaji. Kipa mbovu hukaa kwenye mstari akisubiri shuti aruke. Mwingine, mbovu zaidi, hutoka mbio na kulala chini kabla hajaulizwa, mshambuliaji akampita pembeni kama anayeruka mtaro. Kipa mzuri hutoka hatua chache, akasimama, akajitanua. Hafanyi zaidi ya hapo. Amefunga pembe. Goli lililokuwa pana sasa limekuwa tundu, na anayetakiwa kuamua si yeye tena. Juma Kaseja hakuwa kipa mrefu, na miaka yote ile langoni aliishi kwa kanuni hiyo: mwache mwenye mpira ndiye apate taabu.

Wembanyama anafanya hivyo hivyo, mahali ambapo goli liko juu na linatazama mbinguni. Timu ya upinzani humletea swali lile lile kila siku: mwenye mpira anakuja kwa kasi, na pembeni yake senta anakimbilia kikapuni akiomba pasi ya juu. Mlinzi yuko mmoja, hatari ziko mbili. Wengi huchagua moja na kuomba Mungu juu ya ile nyingine. Yeye hachagui. Husimama katikati, mguu mmoja kwa huyu na mguu mwingine kwa yule, akirudi nyuma kwa hatua fupi za pembeni bila kukutanisha visigino, mkono mmoja chini kwenye njia ya pasi ya mdundo na mwingine juu kwenye njia ya pasi ya hewani. Anangoja. Mwenye mpira naye anangoja, na kila nusu sekunde anayongoja, mlinzi aliyeachwa nyuma anazidi kumfikia. Mpaka aamue, yule mlinzi mmoja amekwisha kuwa walinzi wawili.

Halafu kuna kuruka kwenyewe, na hapa subira inakuwa kitu kingine. Kijana yeyote mrefu huruka mapema. Mshambuliaji anatingisha bega, anainua mpira kidogo, na mrefu yuko hewani akijipigia makofi. Nimecheza nao viwanja vya saruji, wenye miguu kama chemchemi, na nimewafunga mimi niliye mfupi, kwa chenga hiyo moja tu. Wembanyama huacha mpira utoke mkononi kwanza. Anaweza kumudu hilo kwa sababu ya urefu wake, sawa. Lakini kumudu kungoja na kungoja ni mambo mawili. Akiwa ameinua mikono tu, visigino vikiwa bado vimegusa sakafu, tayari amemlazimisha mtupaji kuupandisha mpira juu kuliko alivyozoea, na mpira uliopandishwa kupita mazoea hurudi chini mahali pasipozoeleka. Hapo pia haandikiwi bloku. Anaandikiwa ribaundi, basi.

Sheria nayo inambana kuliko watazamaji wanavyodhani. Mpira ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni, ukiugusa umefungwa. Ukigonga ubao kwanza, vivyo hivyo. Una kile kipande cha safari ya kupanda tu, tena kifupi mtupaji akiwa karibu. Na katika ligi ya NBA mlinzi haruhusiwi kupiga kambi chini ya kikapu: akizidisha sekunde tatu ndani ya eneo lililopakwa rangi bila kuwa karibu na mtu anayemlinda, ni kosa. Ulaya, alikokulia kimchezo, sheria hiyo ya mlinzi haipo. Kwa hiyo alipofika Marekani ilimbidi golikipa ajifunze kuacha lango na kulirudia, kuingia na kutoka, akihesabu moyoni. Mtazame miguu wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja. Anatoa unyayo mmoja nje ya rangi, anaurudisha. Anatoa, anarudisha. Ni kama mama anayeonja mchuzi.

Kuna watakaosema, yote haya ni urefu. Mpe mtu yeyote mita 2.24 uone. Sisi Watanzania tunayo sababu ya kutokubali haraka. Mwezi Juni 2009, Memphis Grizzlies walipomchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, wengi wetu tulijiona tumechaguliwa sisi. Alikuwa na mita 2.21. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa ametajwa mlinzi bora wa vyuo vya Marekani, 2008 na tena 2009. Nyuma yake siku ile walichaguliwa James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Watu hulifanyia hilo utani mpaka leo, nami huwa sicheki. Hasheem aliugusa mpira wa kikapu akiwa na umri wa karibu miaka kumi na mitano, na miaka saba tu baadaye alikuwa anasukumana na wanaume waliokuwa wameanza wangali watoto. Alipita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, dakika chache hapa, dakika chache pale. Mlango aliufungua, wa kwanza kutoka nchi yetu, na hakuna atakayekuja kuufungua mara ya pili.

Lakini kuchelewa peke yake hakuelezi kila kitu, maana Hakeem Olajuwon alichelewa vile vile. Lagos, alikokulia, alikuwa mtu wa mpira wa mikono na golikipa wa soka. Kikapu alikijua akiwa kijana wa sekondari. Akaishia kuwa mwenye bloku nyingi kuliko wote katika historia ya NBA, 3,830. Golikipa mwingine, unaona. Alileta miguu kutoka kwenye mchezo mmoja akaitumia katika mwingine. Nadhani hiyo ndiyo tofauti, ingawa sitaapa: urefu unaomkuta mtu miguu yake ikiwa imekwisha soma ni mali, ukimkuta kabla hajasoma, ni mzigo wa kwanza kabla ya mizigo mingine. Majira ya joto ya mwaka 2025 Wembanyama alikwenda Houston kufanya mazoezi na Olajuwon, ambaye sasa ni mzee wa miaka sitini na ushee. Ningetoa nauli ya mwezi mzima kukaa kwenye benchi la mbao nikawatazama makipa wawili wakizungumza habari za visigino.

San Antonio wana desturi ya watu warefu. Walimpata David Robinson kwa chaguo la kwanza mwaka 1987, Tim Duncan kwa chaguo la kwanza mwaka 1997, na Juni 2023 wakampata huyu, kwa chaguo la kwanza tena. Kocha alikuwa Gregg Popovich, aliyewalea wote wawili wale. Mwanzoni walikuwa kama wanamficha: walimpanga kama mshambuliaji, senta mwingine mnene akabeba msukumano wa chini ya kikapu. Kufika Desemba waliacha, wakamweka alipostahili. Februari 2024 huko Toronto alimaliza usiku mmoja na pointi 27, ribaundi 14 na bloku 10. Kabla yake, mchezaji mpya wa mwisho kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu, bloku ikiwa mojawapo, alikuwa Robinson, mwaka 1990.

Msimu ule wa kwanza aliongoza ligi nzima kwa bloku, wastani wa 3.6 kwa mchezo. Wapiga kura wote, bila hata mmoja kukataa, walimpa tuzo ya mchezaji mpya bora. Aliingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora, jambo ambalo hakuna mchezaji wa msimu wa kwanza aliyewahi kulifanya. Na timu yake ilishinda michezo 22 ikapoteza 60. Mwenye duka jirani yangu, ambaye kikapu kwake ni kile cha kubebea vitunguu, aliniuliza: sasa huyo bora gani anafungwa mara sitini? Sikuwa na jibu fupi. Bado sina.

Kuna bloku na bloku. Ipo ile ya kupeleka mpira jukwaani, mashabiki wakasimama, mpigaji akatamba. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki Septemba 2024 akiwa na bloku 3,289, wa pili nyuma ya Olajuwon, alifuatisha zake na kidole: alikitikisa kulia kushoto usoni mwa mtupaji, kama mwalimu anayemkataza mtoto kitu. Nilikipenda kidole kile kama kila mtu. Lakini mpira ukienda jukwaani unarudishwa kwa wale wale. Bill Russell, aliyeipa Boston ubingwa mara 11, alijulikana kwa bloku ya namna nyingine, ya kuupangusa mpira uangukie kwa mwenzake. Bloku zake hazina hesabu rasmi. Zilianza kuhesabiwa msimu wa 1973/74, na Russell alikuwa amestaafu tangu 1969. Kazi yote ile, na kitabu cha ligi kiko tupu.

Wembanyama ana zote mbili, na hutamba pia, ni kijana. Lakini zile zinazoniamsha ni za vidole. Mpira unapanda, ncha za vidole vyake zinaugusa chini kidogo, haupotei njia sana, unapoteza tu nguvu, unadondoka mbele ya kikapu kama embe lililoiva kupita kiasi, naye anaudaka mwenyewe. Hutumia mkono wa kushoto au wa kulia, kutegemea mpira unatokea wapi, na hilo si dogo: wazuiaji wengi wana mkono mmoja wa kazi na mwingine wa kusalimia. Mara nyingine mtupaji yuko kona, kwenye pointi tatu, na Wembanyama yuko ndani kabisa ya rangi. Mtupaji anajiona ana nafasi. Kwa kipimo cha binadamu wengine anayo.

Nina lalamiko, na shabiki asiyelalamika ni muuza tiketi. Upande wa kushambulia anatupa mno kutoka mbali. Msimu wa 2024/25 alikuwa akitupa pointi tatu karibu tisa kwa mchezo. Mikono yake ni laini, sikatai. Msimu wake wa kwanza tu aliingiza karibu asilimia 80 ya mitupo ya adhabu, na hapo hakuna urefu unaosaidia, ni wewe na ukimya. Lakini kila anapopiga kutoka mita saba na ushee, namwona yule mlinzi mfupi aliyepewa kumkaba akishusha pumzi. Ningependa amnyime pumzi hiyo.

Mwili wa namna ile pia una hofu zake. Yao Ming, mita 2.29, alistaafu mwaka 2011 akiwa bado ana michezo mingi ndani yake, kwa sababu ya mguu uliovunjika na kuvunjika tena. Ndiyo maana watu wa Wembanyama wamekuwa wakimfundisha vidole vya miguu: mazoezi ya pekupeku, ya kushika na kusukuma sakafu kwa kidole kimoja kimoja. Ukiona mtu wa kimo kile amekaa chini anafundisha kidole gumba cha mguu, unaweza kucheka. Fundi mashua akikagua mbao zilizo chini ya mstari wa maji hakuna anayemcheka. Hata hivyo balaa lilikuja kwa mlango mwingine. Februari 2025, siku chache baada ya kucheza mchezo wake wa kwanza wa nyota wa NBA, aligundulika kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa bega la kulia. Alikuwa amecheza michezo 46, na msimu ukafungwa. Alipopona akaenda China, Henan, akakaa siku kadhaa na watawa wa hekalu la Shaolin, kichwa kimenyolewa, akijifunza mapigano yao. Oktoba 22, mchezo wa kwanza wa msimu mpya, Dallas, alifunga 40 na kuchukua ribaundi 15. San Antonio walishinda 125 kwa 92.

Golikipa naye hufungwa. Fainali ya Olimpiki, Paris, Agosti 10, 2024, ukumbi wa Bercy, Ufaransa dhidi ya Marekani. Wembanyama alifunga pointi 26, nyingi kuliko wote uwanjani. Wafaransa walikuwa wamekaribia, watu wamesimama, na katika dakika zile tatu za mwisho Stephen Curry, yule yule wa chaguo la saba, akaingiza mitupo minne ya pointi tatu mfululizo. Aliitupa kutoka mbali na kwa tao refu, mahali ambapo pembe haifungiki hata ukijitanua vipi. Mwisho ukawa 98 kwa 87. Wembanyama alilia hadharani, medali ya fedha shingoni. Tulikuwa watu sita mbele ya televisheni ile, ilikuwa usiku kwetu si alfajiri, na hakuna aliyemtania.

Ukipata usiku wa kuamka, usiufuate mpira. Mfuate yeye, hasa anapokwenda benchi kupumzika katika robo ya pili. Anakaa, anajifunika taulo, magoti yake yanafika karibu na kifua. Uwanjani yule mchezaji mwepesi aliyeghairi dakika tano zilizopita anampita mlinzi wake tena, kwenye mstari ule ule. Anadunda mara moja, mara ya pili. Anainua macho. Safari hii haupeleki nje.